HOKI YA BARAFUNI: KINGA YA USO IWE LAZIMA KWA WOTE



Wako wenzetu watakaouliza, watu wa reli wana nini na mchezo unaochezwa juu ya barafu, tena mbali huko Kanada na Marekani? Jibu letu ni fupi. Mchezaji wa kulipwa ni mfanya kazi. Ana tajiri, ana mkataba, ana mshahara, na ana chama chake. Akipoteza jicho uwanjani amelipoteza kazini, hata kama watu elfu kumi na nane wamelipa kiingilio ili wamtazame. Na neno ambalo wachezaji hao wamebishania kwa zaidi ya miaka sitini, yaani kama kinga ya uso iwe lazima au kila mtu afanye apendavyo, ni neno ambalo kila karakana yenye jiwe la kunolea imekwisha kulisikia.

Sisi twasema iwe lazima, tena kwa wote bila kubagua mzee na kijana. Tutaeleza kwa nini, na hatutaficha kwamba kwa maoni yetu chama cha wachezaji wenyewe kilikawia sana katika jambo hili.

Kwanza tuwaeleze wasioujua mchezo huu. Hoki ya majani twaijua sote. Kenya ilipeleka timu yake katika Olimpiki tangu mwaka wa 1956. Hoki ya barafuni ni ndugu yake, lakini ni ndugu mkali. Wachezaji huvaa viatu vyenye visu chini ya nyayo, huteleza kwa mbio, hugongana mabega kwa ruhusa ya sheria, na badala ya mpira wa duara hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kisahani hicho kina upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5. Uzito wake ni baina ya gramu 156 na 170, na kabla ya mchezo hugandishwa ili kisirukeruke. Mwaka wa 2012 Zdeno Chara, mtu mrefu kupita kiasi wa timu ya Boston, alikipiga katika mashindano ya kupima nguvu kikaenda kwa mwendo wa kilomita 175 kwa saa. Treni ya abiria ya SGR, baina ya Mombasa na Nairobi, mwisho wake ni kilomita 120. Basi fikirini kitu hicho kikimjia mtu usoni kutoka hatua kumi, na katikati wako watu wengine ambao fimbo zao zaweza kukipotosha njia asijue kitokako.

Wala msidhani kwamba ni mambo ya ng'ambo tu. Hapa Nairobi kiwanja cha barafu kilifunguliwa mwaka wa 2005 katika hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa. Vijana wetu wanaoitwa Ice Lions walijifunzia hapo. Mwaka wa 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao ni wakubwa wa mchezo huo, na mwaka wa 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni.

Sasa sheria ilivyo. Katika ligi ya NHL, ambayo ni kubwa kuliko zote na ina timu 32 za Marekani na Kanada, kofia ngumu ni lazima. Kioo cha nusu uso, yaani kile cha plastiki kinachoshuka kutoka kwenye kofia mpaka karibu na pua, ni lazima kwa kila mchezaji aliyeingia tangu msimu wa 2013–14. Wale ambao walikuwa wamekwisha kucheza zaidi ya michezo 25 waliachiwa hiari, na waliobaki uso wazi sasa ni wachache wa kuhesabu kwa vidole. Mdomo, meno na taya hazina sheria yo yote. Haikuja upesi hata hiyo nusu, na njia iliyopita yafaa tuifuate tangu mwanzo.

Tuanze na walinda goli, maana ndio waliotangulia. Mwaka wa 1930 Clint Benedict wa Montreal Maroons alivunjwa pua, akavaa kifuniko cha ngozi kwa muda mfupi tu, halafu akaacha. Baada ya hapo walinda goli walisimama uso wazi mbele ya kisahani kwa karibu miaka thelathini. Terry Sawchuk, mmoja wa mabingwa wao, alishonwa usoni nyuzi zinazohesabiwa kwa mamia.

Ndipo tarehe 1 Novemba 1959, katika uwanja wa Madison Square Garden, New York, Jacques Plante wa Montreal Canadiens alipigwa na kisahani usoni. Damu nyingi ilitoka, akaingizwa ndani akashonwa. Plante alikuwa na barakoa yake ya faibaglasi, ambayo alikuwa akiivaa katika mazoezi, lakini mwalimu wa timu, Toe Blake, hakutaka aivae katika mchezo wenyewe. Alisema itamzuia kuona. Siku zile timu ilisafiri na mlinda goli mmoja tu. Plante akasema: bila barakoa sirudi uwanjani. Blake hakuwa na mtu mwingine wa maana, akakubali. Canadiens walishinda 3–1, na mwisho wa msimu wakatwaa kombe la Stanley.

Ndugu, kile alichofanya Plante usiku ule kina jina lake kwetu. Ni mgomo. Mgomo wa mtu mmoja, wa dakika chache, katika chumba cha kushonea vidonda. Na tuangalie vizuri kwa nini ulifaulu. Haukufaulu kwa sababu tajiri alisadiki kwamba barakoa ni njema. Mwezi wa Machi 1960, kwa ombi la Blake, Plante aliivua kwa mchezo mmoja, wakafungwa 3–0 na Detroit, ndipo akaivaa tena. Ulifaulu kwa sababu Plante alikuwa hodari kuliko wote, na kwa sababu usiku ule hapakuwa na wa kumweka mahali pake. Je, mlinda goli wa kawaida, mwenye wenzake watano nje ya lango wanaoingojea kazi yake, angethubutu kusema maneno yale? Walinda goli wengine walichukua miaka kumi na mitano. Wa mwisho aliyecheza NHL uso wazi, Andy Brown wa Pittsburgh, aliendelea hivyo mpaka mwaka wa 1974.

Kofia nazo zilikuja kwa mwendo wa konokono. Tarehe 13 Januari 1968 Bill Masterton wa Minnesota aligongwa, akaanguka kichwa wazi juu ya barafu, na tarehe 15 akafa. Ungedhani kesho yake sheria ingeandikwa. Haikuandikwa mpaka mwaka wa 1979, nayo iliwahusu wale tu waliotia sahihi mkataba wao wa kwanza baada ya tarehe 1 Juni mwaka ule. Mchezaji wa mwisho bila kofia, Craig MacTavish, alistaafu mwaka wa 1997. Hesabuni wenyewe: tangu mtu kufa mpaka kichwa cha mwisho kufunikwa ni miaka ishirini na tisa.

Halafu macho. Tarehe 11 Machi 2000 Bryan Berard wa Toronto, kijana wa miaka 23, alipigwa jicho la kulia na ncha ya fimbo katika mchezo dhidi ya Ottawa. Hakuwa na kioo. Haikuwa kwa kusudi, mwenye fimbo alikuwa akipiga kisahani tu. Berard alipasuliwa mara nyingi. Ligi ina kipimo cha chini cha kuona ambacho mchezaji hawezi kuruhusiwa bila kukifikia, na Berard alikifikia kwa shida kwa msaada wa kioo kidogo cha kuvaa ndani ya jicho. Alirudi kazini mwaka wa 2001, na ili arudi ilimbidi arudishe fedha za bima. Watu walimsifu sana kwa ushujaa. Twamsifu na sisi. Lakini kioo cha plastiki ni kitu cha bei ndogo, na jicho lile halikupona.

Machi 2011 ilikuwa zamu ya Manny Malhotra wa Vancouver. Naye alikuwa uso wazi, na kisahani kilimpiga jicho la kushoto. Alirudi mwaka ule ule katika fainali akiwa amefunika uso mzima. Februari 2013 timu yake ilimwondoa katika mchezo kwa sababu hakuona vya kutosha kujihadhari, ingawa mwenyewe alitaka kuendelea. Mwezi uliofuata, tarehe 5 Machi 2013, Marc Staal wa New York Rangers alipigwa jichoni, naye pia bila kioo. Hapo ndipo chama cha wachezaji kiliwauliza wanachama wake, wengi wakakubali, na Juni 2013 mapatano yakafanywa na matajiri.

Tuliposoma habari hizi swali letu la kwanza lilikuwa: chama kilikuwa wapi tangu mwaka 2000? Jibu ni kwamba chama kilikuwapo, na kilikuwa kikisema kwamba kioo ni jambo la hiari ya mchezaji. Kiliwashauri wavae, lakini kilikataa walazimishwe.

Twataka kukitendea haki chama kile, maana historia yake ni ya shida. Mwaka wa 1957 Ted Lindsay wa Detroit alijaribu kuwaunganisha wachezaji. Mara timu yake ikamtupa Chicago, iliyokuwa ya mwisho katika ligi, na mwaka uliofuata chama kikavunjika. Chama cha sasa kilianza mwaka wa 1967, na kiongozi wake wa kwanza, Alan Eagleson, mwishowe alifungwa jela mwaka wa 1998 kwa udanganyifu uliowahusu wachezaji wenyewe. (Kila mtoa ada na akumbuke jina hilo wakati wa kukagua hesabu za chama chake.) Chama kilichopita katika moto wa namna hiyo hakishangazi kikiona kila amri mpya kama mkono wa tajiri. Wachezaji walizoea kuamriwa kila kitu, kuuzwa timu hii na timu ile kama ng'ombe, na uso wao ulikuwa kitu kimoja ambacho waliweza kusema ni chao. Twafahamu.

Lakini hiari hiyo tuichunguze ilivyo. Ligi ya pili, iitwayo AHL, ambayo hulea wachezaji wa NHL, iliweka kioo kuwa lazima tangu msimu wa 2006–07. Vijana waliotoka vyuo vikuu vya Marekani walikuwa wamecheza miaka yao yote na wavu wa chuma uliofunika uso mzima. Basi kijana alizoea kinga, akaona vizuri, akafunga magoli, akapandishwa cheo kwa sababu alicheza vizuri nayo. Na siku ile ile aliyopanda, wengine waliivua. Kwa nini? Barafu ni ile ile na kisahani ni kile kile, tena wapigaji wa huku juu wana nguvu zaidi. Aliivua kwa sababu ya macho ya watu. Mtu uso wazi ndiye mwanamume. Don Cherry, aliyekuwa msemaji mkubwa wa hoki katika televisheni ya Kanada, alisema Januari 2004 kwamba wengi wa wanaovaa vioo ni watu wa Ulaya na Wafaransa wa Kanada, akimaanisha kwamba wao ni waoga. Wakati huo karibu kila mtoto wa Kanada alimsikiliza Jumamosi usiku. Hata kitabu cha sheria cha NHL kilikuwa na upotovu wake: kwa miaka mingi kabla ya 2013, mchezaji aliyeanzisha ugomvi akiwa amevaa kioo alipewa adhabu ya kuongezewa kwa ajili ya kile kioo.

Hiyo ndiyo iliyoitwa hiari. Kijana wa miaka ishirini, mkataba wake ni wa mwaka mmoja, mwalimu anamtazama, wazee wa timu wanamtazama, gazeti linamwita laini. Mtu huyu hachagui. Anapima kama atapata kazi kesho.

Wenzetu wa reli wa Marekani walipitia njia hii zamani. Kabla ya mwaka wa 1893 mabehewa ya kule yaliunganishwa kwa mkono, mtu akisimama katikati, na wengi walikatwa vidole na mikono, wengine wakafa. Ilikuwa ikisemwa kwamba mtu mzoefu wa kazi atambulikana kwa vidole alivyopungukiwa. Mwaka ule serikali ilitoa sheria ya viungo vinavyojifunga vyenyewe pamoja na breki za hewa. Hakuna aliyeulizwa kama apenda kubaki na zile za zamani kwa hiari yake. Katika hoki alama ya uzoefu ni meno. Picha ya Bobby Clarke wa Philadelphia, akicheka na meno ya mbele hayapo, ilipendwa mno miaka ya 1970. Sisi hatuoni tofauti baina ya meno yale na vidole vile.

Wanaopinga wana hoja zao, nazo si upuuzi zote. Wasema kioo hushika ukungu na jasho, na mchezaji huhitaji kuona kisahani kilicho miguuni. Ni kweli kwamba kioo husumbua. Miwani ya kazi pia husumbua, na mtu hukasirika nayo siku za joto. Lakini kufikia msimu wa 2012–13, kabla ya sheria, karibu robo tatu ya wachezaji wa NHL walikuwa wakivaa kwa hiari yao, na miongoni mwao walikuwamo wafungaji bora. Kama kioo kingewapofusha, wangekuwa wamekwisha kuachishwa kazi.

Wasema pia kwamba mtu akijua mwenzake amefunikwa atainua fimbo bila kujali. Hoja hii ina uzito kidogo. Dawa yake ni mwamuzi. NHL humtoa nje dakika mbili mtu anayempiga mwenzake kwa fimbo iliyoinuliwa, na dakika nne akimjeruhi. Kama hazitoshi, ziongezwe. Lakini kuacha uso wa mtu wazi ili mwenzake awe na huruma, hapana. Hakuna msimamizi wa karakana anayeondoa kifuniko cha mashine ili mafundi wawe waangalifu.

Hoja ya tatu ni kwamba kifuniko kizima kitazidisha majeraha ya shingo na ya ubongo. Hii ilipimwa. Katika msimu wa 1997–98 madaktari wa Kanada waliwafuata wachezaji wa vyuo vikuu, nusu yao wakivaa kioo cha nusu na nusu wakivaa cha uso mzima, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 1999. Wenye kioo cha nusu walipata majeraha ya uso na meno kupita maradufu ya wenzao. Majeraha ya shingo hayakuzidi kwa upande wo wote, wala ya ubongo. Tena waliotikisika ubongo wakiwa na kioo cha nusu walikaa nje ya mchezo siku nyingi zaidi.

Kwa hiyo twaona nusu uso haitoshi. Sidney Crosby, yule aliyecheza na vijana wetu mwaka 2018, tarehe 30 Machi 2013 alipigwa na kisahani alichopiga mwenzake wa timu moja. Alikuwa na kioo chake. Macho yalisalimika. Taya lilivunjika na meno yakatoka. Aliporudi alifungiwa kinga ya taya chini ya kile kioo, na akaendelea kufunga magoli. Ikiwa bingwa wa dunia aliweza kuifanya kazi yake hivyo baada ya kuvunjika, hatuoni kwa nini asingeweza kabla.

Sheria yetu ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007, yamtaka tajiri atoe kinga na yamtaka mfanya kazi aivae. Sehemu zote mbili zahitajiwa. Kinga ikitolewa bila lazima itaning'inia msumarini. Ikilazimishwa bila chama kuwamo, tajiri atanunua ya rahisi na kumlaumu mtu aliyeumia. Ndiyo sababu hatupendi amri itoke kwa wenye timu peke yao. Iandikwe katika mapatano, chama kikiwa na sauti juu ya aina ya kioo, juu ya kukibadilisha kikikwaruzwa, na juu ya malipo ya atakayeumia hata akiwa amekivaa.

Na tabia hii ya kuwahusisha wageni tu, wazee wakaachwa, hatuikubali. Twajua inafanya kura zipatikane kwa urahisi: mwenye kupiga kura hajifungi mwenyewe, anamfunga kijana ambaye hajafika. Lakini jicho la mtu wa michezo mia sita halina ugumu kuliko la mtu wa michezo sita.

Jambo hili linarudiwa tena hivi sasa. Tarehe 28 Oktoba 2023, mjini Sheffield, Uingereza, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa shingo na kisu cha kiatu, akafa. Mwezi wa Desemba mwaka ule shirikisho la kimataifa lilitangaza kinga ya shingo kuwa lazima katika mashindano yake yote. NHL na chama cha wachezaji, katika mapatano ya mwaka 2025, wameiweka kuwa lazima kuanzia msimu wa 2026–27, kwa wale tu wanaoingia bila kuwa wamecheza mchezo hata mmoja. Kwa mwendo wa kofia, shingo ya mwisho itafunikwa karibu na mwaka wa 2044. Mapatano yatakapofunguliwa tena, wachezaji wazee wenyewe wainue mkono waombe kifungu hicho kifutwe, na shingo na uso ziingie pamoja.